Samaki wa Sharjah na samaki wa Kitangiri



Katika likizo ya mwisho wa mwaka tulisafiri kwenda Sharjah, Umoja wa Falme za Kiarabu, kumzuru ndugu yetu afanyaye kazi huko. Tulikuwa watu watano: sisi wazazi wawili, watoto wetu wawili na bibi yao. Mengi ya safari hiyo ni ya kawaida na hayana haja ya kuandikwa. Hata hivyo, tangu tuliporudi Kiomboi, wazee kadhaa wa msikitini wametusikia watoto wakisimulia habari za samaki, na mmoja wao akatuuliza kwa upole baada ya Isha: je, kulipa fedha ili kutazama samaki si israfu?

Swali ni la haki, nasi tunalijibu hapa kwa sababu huenda lipo nyumbani kwa wengi.

Tulitazama samaki mahali pawili. Kwanza ni Dubai, ndani ya lile soko kubwa liitwalo Dubai Mall, lililofunguliwa mwaka 2008. Humo mna tangi lenye lita milioni 10 za maji, na upande wake wa mbele ni ukuta wa akriliki wenye upana wa karibu mita 33, kimo cha zaidi ya mita 8 na unene wa sentimita 75. Apitaye madukani hulitazama bila kutoa hata senti. Hulipa wale waingiao katika njia ipitayo chini ya maji. Sisi tulibaki nje pamoja na umati. Papa walipita, taa wakapita wakipunga mapezi kama mbawa, na watu wengi walikuwa wamewapa mgongo ili wapigwe picha. Baada ya nusu saa mwanetu mkubwa akaanza kuulizia viatu.

Siku ya pili ilikuwa tofauti. Jumba la samaki la Sharjah, nalo la mwaka 2008, limejengwa Al Khan, palipokuwa kijiji cha wavuvi na wazamiaji wa lulu. Ni dogo kuliko lile la Dubai, na kiingilio chake ni cha kubebeka. Waliojenga hapo walikusudia kuwaonyesha watoto wao viumbe wa bahari yao wenyewe: chewa, ambaye Waarabu wa huko humwita hamour na humpenda sana mezani, mikunga waliojificha miambani, papa wa matumbawe, taa, na farasi-bahari mdogo kama kidole. Bibi alipoambiwa kwamba kwa farasi-bahari dume ndiye abebaye mayai mfukoni mwake mpaka yaanguliwe, alisema Subhanallah, kisha akamtazama baba watoto kwa namna ambayo hatutaieleza gazetini. Kwa chewa aliuliza tu kama anauzwa.

Jirani na jumba hilo pana makumbusho ya mambo ya bahari, yenye majahazi ya aina yaliyokuwa yakishuka na upepo wa kaskazi hadi Lamu, Unguja na Kilwa yakiwa na tende, na kurudi na kusi yakiwa yamebeba boriti za mikoko kwa ajili ya mapaa ya nyumba za Ghuba. Kijana wetu alikaa hapo muda mrefu kuliko alivyokaa mbele ya papa.

Lakini lililotugusa zaidi ni neno la binti yetu wa miaka sita. Alisimama mbele ya papa aliyekuwa akizunguka, akamtazama akipita mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha akauliza: “Baba, huyu hutoka saa ngapi?”

Tulimwambia hatoki. Akauliza kama amefanya kosa.

Mzazi aliyesoma chuo cha dini hudhani ana jibu la kila swali, na kweli, vitabu vipo. Wanavyuoni wameitumia Hadithi ya mtoto Abu Umayr, aliyekuwa na kindege chake akimchezea, na Mtume (SAW) akamtania kwa huruma kindege kilipokufa, kuwa dalili kwamba yajuzu kumfuga ndege tunduni. Kwa upande wa pili ipo Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Ukiziweka pamoja, utaona kwamba kufunga kumeruhusiwa, ila kunabeba dhima: chakula, maji safi, nafasi na kuepushwa na mateso. Tulimweleza mtoto hivyo kwa maneno ya umri wake. Akatikisa kichwa, lakini aliendelea kumtazama papa. Nasi twakiri kwamba kwa samaki mdogo wa matumbawe jibu lile lilitutosha. Kwa papa, ambaye umbile lake ni kwenda mbali, moyo haukutulia sana. Hatutoi fatwa. Twasema tu kwamba mtoto aulizaye hivyo hajapotezewa fedha zake.

Jioni tuliwasimulia kisa cha jeshi la Abu Ubayda, watu wapatao mia tatu, waliopatwa na njaa hadi wakala majani, kisha wakamkuta pwani samaki mkubwa aliyetupwa na bahari. Walimla siku nyingi, na mbavu zake mbili ziliposimamishwa, ngamia na mpandaji wake alipita chini yake. Watoto wamekisikia kisa hicho madrasa mara nyingi. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, walitaka kujua ubavu mmoja ulikuwa na mita ngapi.

Basi je, ni israfu? Nauli ya ndege tuliitoa kwa ajili ya kuunga udugu. Kwa samaki peke yake tusingeitoa, wala hatumshauri yeyote. Linalotuumiza ni jingine. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki jamii ya perege, na nyingi kati yake hazipatikani popote pengine duniani. Watu wa Ulaya na Marekani huwafuga sebuleni na kuwajua kwa majina. Sisi hapa Iramba tuna Ziwa Kitangiri, linalopokea maji ya Wembere na kuyatoa kwa mto Sibiti kuelekea Eyasi, na watoto wengi wa madrasa yetu wamemjua perege na kambare kwenye sufuria tu. Wa kwetu wawili waliona chewa wa Ghuba akiwa hai kabla ya kumwona perege wa Kitangiri.

Tumelileta jambo hili mbele ya kamati, nayo imekubali. Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa, in shaa Allah, wanafunzi wa madrasa watateremka ukingo wa bonde hadi Tulya, waone mitumbwi ikirudi asubuhi na wawaulize wavuvi watakacho. Mzazi atachangia nauli kwa kadiri awezavyo, na asiyeweza amwone katibu faraghani. Tutaondoka mara baada ya sala ya Alfajiri. Kila mtoto aje na chupa ya maji, kofia au mtandio, na mzee aliyetuuliza swali amekubali kukaa kiti cha mbele.