Kufeli Kidato cha Nne Si Mwisho wa Elimu

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake.

Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne, nyumba zetu hugawanyika mafungu mawili. Zipo zinazopika pilau na kusoma dua ya shukrani, na zipo zinazokaa kimya kana kwamba zimefikwa na msiba. Leo tunapenda kuzungumza na hizi za pili.

Baada ya swala ya Ijumaa moja alitujia mzazi, akiwa amefuatana na bintiye. Binti alikuwa amepata daraja la nne la pointi 33. Mzazi hakuja kuuliza cha kufanya. Alikuja kutuarifu kwamba amekwisha kuamua. Shule imemshinda mtoto, posa imepatikana, na alitaka tumwombee heri. Tukamwuliza: amefaulu masomo gani? Hakujua. Tukamgeukia binti na kumwuliza anataka nini. Akajibu, macho yakiwa chini, kwamba anataka kurudia mtihani. Hapakuwa na mtu nyumbani aliyekuwa amemwuliza.

Ndugu Waislamu, ndoa ni ibada na ni Sunna. Haikuwekwa iwe adhabu ya aliyefeli Hisabati, wala haifungwi kwa binti asiyeridhia. Na mtihani, kwa uzito wake wote, ni kipimo cha kile alichokiandika mtoto katika siku chache za mwezi wa Novemba. Hautoi hukumu juu ya akili yake, seuze juu ya riziki yake.

Sheria yetu tukufu inatufundisha jambo hili waziwazi. Katika Suratul Maida, Mwenyezi Mungu (S.W.) amemruhusu aliyekosa maji atayamamu kwa udongo safi. Katika sura hiyohiyo amemwekea aliyevunja kiapo chake kafara ya kulisha masikini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa. Na asiyeweza lolote katika hayo afunge siku tatu. Tuzingatie mafundisho haya vizuri. Tayamamu haimwondolei mtu swala, inamwezesha kuisimamisha. Wajibu umebaki palepale, ila njia ya kuutekeleza imepanuliwa.

Tukumbuke pia mateka wa vita vya Badri. Wenye mali walijikomboa kwa fidia. Miongoni mwa wasiokuwa na mali walikuwamo wajuao kusoma na kuandika, na Mtume (s.a.w.) akakubali fidia yao iwe kuwafundisha watoto wa Madina. Sharti halikufutwa, lakini lilitimizwa kwa njia nyingine, na umma ukanufaika.

Sasa tuzitazame njia zilizopo nchini mwetu, kwani wazazi wengi hukata tamaa kwa kutozijua.

Njia ya kwanza ni kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anayerudia halazimiki kuanza upya masomo yote; hujisajili kwa masomo anayoyahitaji, na ufaulu wa mwaka huu huweza kuunganishwa na wa mwaka uliopita. Lakini usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na haukai wazi muda mrefu. Anayeanza kuulizia mwezi wa Juni amekwisha kuchelewa.

Njia ya pili ni kwa yule aliyemaliza shule ya msingi lakini hakuipata sekondari, au aliiacha njiani. Huyu huanza na Mtihani wa Maarifa, unaojulikana kwa wengi kama QT. Akiufaulu, huruhusiwa kuufanya mtihani wa Kidato cha Nne. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, husimamia masomo ya watu wa namna hii. Aidha, tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu mabinti walioacha shule kwa sababu ya ujauzito warejee katika mfumo rasmi. Aliyeteleza akatubia tusimfungie mlango ambao Mola wake hakuufunga.

Njia ya tatu ni ufundi. Vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, vina kozi zinazompokea hata aliyeishia darasa la saba. Na fundi aliyejifunzia gereji au kwenye karakana ya mjomba wake anaweza kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti bila kuanza upya darasani. Nabii Daudi (a.s.) alikuwa akifua chuma; ni nani basi atakayemdharau fundi?

Njia ya nne ni vyuo vya kati. Ngazi ya astashahada kwa kawaida huhitaji ufaulu wa masomo manne, yaani alama ya D au zaidi, na hapo ndipo mwenye juhudi huanzia safari ya kuelekea stashahada na hata shahada. Hapa tunawatahadharisha Waislamu: masharti ya vyuo hivyo husema masomo manne yasiyo ya dini. Mtoto aliyefaulu Elimu ya Dini ya Kiislamu amepata kheri kubwa, na tusimkataze somo hilo. Lakini ajue mapema kuwa halimo katika hesabu hiyo. Binti tuliyemtaja alikuwa na D mbili, ya Kiswahili na ya Elimu ya Dini. Kwa hesabu ya chuo alikuwa na somo moja, akibakiwa na matatu. Masomo matatu si mlima usiopandika.

Ipo njia nyingine ambayo tunaikataza kwa nguvu zote, nayo ni ya mkato: kununua mtihani, kufanyiwa mtihani na mwingine, au kughushi cheti. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya nafaka ya muuzaji, akakuta unyevu uliofichwa chini ya nafaka kavu. Akamkemea, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Cheti bandia ni nafaka mbichi iliyofunikwa kwa kavu. Uhakiki wa mwaka 2017 uliwabaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na miongoni mwao walikuwamo waliotumikia kwa miaka mingi. Waliondolewa kazini wakiwa na familia na watoto shuleni. Aliyerudia mtihani mara tatu akapata D ya halali ana amani ambayo wale hawakuwa nayo.

Wajibu huu si wa mzazi peke yake. Misikiti yetu mingi ina vyumba vya madrasa ambavyo hukaa vitupu usiku. Vijana wetu waliohitimu vyuo vikuu hawashindwi kufundisha Hisabati na Kiingereza saa mbili kwa juma. Na ada ya usajili wa mtoto wa masikini ni mahali pazuri pa kuweka sadaka, na hata zaka kwa anayestahiki.

Ama mzazi yule, aliondoka akiwa na karatasi tuliyomwandikia majina ya masomo matatu. Kabla ya kufika mlangoni aligeuka akauliza usajili unafungwa lini. Posa ikaombwa isubiri.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, na atujaalie wazazi subira ya kuwauliza kabla ya kuwahukumu. Amin.