Hataza Isiwe Hukumu ya Kifo

Hakuna anayebisha kwamba mvumbuzi anastahili ujira wake. Swali linaloikabili dunia ni jingine: je, ujira huo ulipwe kwa roho za wanyonge?

Tujikumbushe yaliyotokea Afrika ya Kusini. Mwaka 1997 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuiwezesha Serikali kununua dawa popote zinapouzwa kwa bei nafuu. Mwaka 1998 makampuni makubwa ya dawa yalikimbilia mahakamani, na mshtakiwa wa kwanza katika hati yao alikuwa Rais Nelson Mandela. Wakati huo dawa za kupunguza makali ya UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Ni mfanyakazi gani wa Afrika angezimudu? Sheria ilikwama kwa miaka mitatu, na wagonjwa wengi hawakuwa na miaka mitatu ya kusubiri.

Ngome hiyo haikuvunjwa na huruma ya wenye mali. Kwanza, ilivunjwa na umma. Wananchi waliandamana, walimwengu wakapaza sauti, na Aprili 2001 makampuni 39 yakaifuta kesi. Pili, ilivunjwa na viwanda. India, kwa sheria yake ya 1970, ilikataa kutoa hataza ya dawa yenyewe; ilitambua tu hataza ya njia ya kuitengeneza. Wataalamu wake wakatafuta njia zao wenyewe. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya Mumbai ilijitolea kuuza mseto wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Leo matibabu ya kawaida katika nchi maskini hayafiki dola 50.

Wapo wasemao kwamba pasipo hataza hapana utafiti. Hoja hiyo ina uzito, lakini haielezi yote. AZT, dawa ya kwanza ya UKIMWI, iliundwa Marekani mwaka 1964 kwa msaada wa fedha za umma. Hata hivyo, hataza ya kuitumia dhidi ya UKIMWI ilichukuliwa na kampuni binafsi. Umma ulilipia mbegu, kisha ukauziwa mavuno kwa bei ya kuruka.

Leo kanuni za Shirika la Biashara la Dunia haziyalazimishi mataifa yenye maendeleo duni kabisa, Tanzania ikiwamo, kulinda hataza za dawa hadi mwaka 2033. Lakini ruhusa bila kiwanda ni jembe lisilo na mpini. India nayo, tangu 2005, hutoa hataza za dawa zenyewe. Kisima tulichozoea kuchota si huru kama zamani.

Basi mwalimu wa kemia asidhani kwamba suala hili ni la mabalozi wa Geneva peke yao, wala ofisa wa ugavi asidhani kwamba kazi yake huishia kwenye hati ya malipo. Viwanda vya dawa huanzia darasani, na huishi kwa kupata wanunuzi nyumbani. Wahenga walinena: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika suala la dawa, hufa kabla ya siku zake.