Skrubu ya redio haitaki ubabe

SAFU YA JUMATANO
Na Rehema Kibwana

Dashibodi nyingi zilizopasuka mjini humu hazikupasuka kwa ajali. Zilipasuliwa siku ya kubadilisha redio. Kaa kiti cha mbele kwenye Noah yoyote inayosubiri pantoni hapa Feri, utazame pembeni mwa redio: plastiki imebanjuka, gundi imekaukia juu yake, na redio yenyewe inacheza kwenye tundu lake kila gari likiingia shimoni. Hasara hii inazuilika kabisa, na inaanzia kwenye skrubu isiyozidi ncha ya kidole.

Kubadilisha redio hatuna budi. Magari yetu mengi yanatoka Japani, ambako masafa ya FM yanaanzia 76 na kwa miaka mingi yaliishia 90, ilhali kwetu stesheni zimepangwa kutoka 87.5 hadi 108. Mwenye IST ya mwaka 2004 yenye redio yake ya asili ananasa stesheni chache za mwanzoni, basi. Zile zenye skrini nazo, betri ikichomolewa tu, nyingi zinajifunga na kudai namba ya siri kwa maandishi ya Kijapani. Ndiyo maana maduka ya Kariakoo yamejaa redio za kupachika, na mafundi wa kuzifunga hawakosi kazi.

Bolti zinazoshika redio kwenye dashibodi ya Toyota kwa kawaida ni namba 10; spana ya boksi inazimaliza. Ugomvi uko kwenye skrubu ndogo za ubavuni, zinazobana zile breketi mbili kwenye mwili wa redio ya zamani. Breketi hizo zinahitajika, maana ndizo zitakazoibeba redio mpya. Lakini skrubu zake zilikazwa kwa mashine kiwandani, zimekaa miaka zaidi ya kumi bila kuguswa, na kama gari ni Kirikuu ya kubebea samaki, maji ya barafu na upepo wa chumvi vimezishikisha kutu. Zikigoma, fundi mwenye haraka anaziacha. Anaisukuma redio mpya ndani bila breketi, anaikaza kwa vipande vya boksi na gundi, kazi imekwisha. Mwezi haupiti, fremu inapasuka.

Na mara nyingi zinagoma kwa sababu ya bisibisi. Nyota tuliyoizoea asili yake ni Marekani, hataza zake alizipata Henry Phillips wa Portland mwaka 1936. Wajapani wana nyota yao ya kiwango cha JIS. Kwa macho utadhani ni kitu kimoja, ila ile ya Phillips haizami mpaka chini kwenye skrubu ya Kijapani. Inashika juu juu, ukiongeza nguvu inaruka, na kila ikiruka inakula kichwa. Skrubu nyingi za JIS zina alama ya kitone kidogo kichwani. Fundi akikiona kitone hicho, aweke chini bisibisi yake ya kawaida.

Kabla ya yote, waya wa hasi wa betri utoke, kwa ajili ya mfumo wa umeme na mifuko ya hewa. Kisha kitazamwe kichwa cha skrubu, maana baadhi zina pembe sita kwa nje, na soketi ya saizi yake inaikamata bila kuigusa nyota. Kama ni nyota tupu, bisibisi isukumwe kwa nguvu zaidi kuliko inavyozungushwa. Mafuta ya kupenya yanafaa, lakini tone moja kwa ncha ya njiti, na yaachwe yanywe. Kuyapuliza ovyo ni kuilowesha redio utakayotaka kuiuza. Pasi ya kuchomelea risasi, ambayo mafundi redio wote wanayo, ikiwekwa juu ya kichwa cha skrubu hupeleka joto kwenye meno yaliyoshikwa na kutu au gundi, nayo huachia. Isitumike tu pale palipokwisha kutiwa mafuta. Kichwa kikiwa kimeanza kulika, paste ya kusagia valvu kidogo kwenye nyota huipa bisibisi mshiko. Drili iwe ya mwisho.

Hakuna hata moja kati ya hizo isiyowezekana kwenye kibaraza cha Gerezani. Kinachokosekana ni muda, na muda huo tunaunyang'anya sisi wateja. Mtu anatoa laki kadhaa kwa redio yenye skrini, halafu anabishania elfu tano ya ufundi na kumsimamia fundi kichwani akimtaka amalize kabla pantoni haijarudi. Kijana huyo atanunua bisibisi nzuri kwa pesa gani? Akinunua seti laini ya bei ya chini, ncha yake inajipinda kwa skrubu ya tatu, na anayeumia ni mwenye gari.

Walimu wa ufundi magari katika vyuo vya VETA waifundishe tofauti hii mapema, kwa kuwa mwanafunzi wao atakutana na gari la Kijapani siku ya kwanza kazini. Wafanyabiashara wanaoleta vifaa Kariakoo walete bisibisi za JIS kwa wingi. Soko lake linapita barabarani kila siku. Nawe mwenye gari, kabla hujakabidhi ufunguo, mwombe fundi akuonyeshe bisibisi yake. Kama hana ya Kijapani, mnunulie, au tafuta fundi mwingine.