Kura Yangu Iko Ladywood

Ladywood, Birmingham
Desemba 2025

Kwa wazee wangu wa Ngamiani, wa rika langu, na wadogo zangu wa kijiweni,

Habari za afya na za baridi nimeshazituma kwa sauti kwenye kundi la ukoo, sizirudii. Naandika kwa sababu ya neno la mjomba siku mlipokuwa mkibishana habari za Katiba Mpya. Alisema sisi wa ughaibuni tufunge midomo, maana tumekwenda kujiweka chini ya mfalme ambaye nyinyi mlishamtoa zamani. Mkacheka, nami nikacheka. Lakini neno la mjomba linataka jibu refu kuliko ujumbe wa simu.

Tuanze na huko kumtoa. Bendera ya Mwingereza ilishuka tarehe 9 Desemba 1961, ila Malkia Elizabeth hakushuka nayo. Kwa mwaka mzima alikuwa Malkia wa Tanganyika, na Sir Richard Turnbull, gavana wa jana, akawa Gavana Mkuu wa kumwakilisha. Baada ya uhuru Mwalimu Nyerere aliushika uwaziri mkuu kwa wiki chache tu, Januari 1962 akajiuzulu, akamwachia Mzee Kawawa, yeye akaenda kukijenga chama. Jamhuri ikaja tarehe 9 Desemba 1962. Wakenya nao walipita njia hiyo hiyo, Desemba 1963 hadi Desemba 1964. Kwa hiyo mjomba hakukosea, ila aliishia katikati ya hadithi. Malkia alipoondoka, madaraka yake hayakugawanywa kwa wananchi. Yalihamia Ikulu pamoja na ya Gavana Mkuu na ya Waziri Mkuu, yote mikononi mwa mtu mmoja. Bahati yetu mtu huyo alikuwa Mwalimu, na mwenyewe hakuficha kwamba katiba ilimpa nguvu za kutosha kuwa dikteta kama angependa. Bahati si jambo la kuandikia katiba. Katiba tuliyonayo, ya 1977, imewekwa viraka vingi, lakini Ibara ya 41(7) ingali pale: Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza rais, hakuna mahakama ya kuhoji. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo ofisi zake ziko Arusha kwetu, ilisema mwaka 2020 kuwa kifungu hicho kinavunja haki za watu. Kifungu hakikutikisika.

Sasa njooni kwa huyu mfalme. Si mbali na ninapoishi, barabara ya Icknield, lipo jengo la matofali mekundu lililokuwa kiwanda cha sarafu, Birmingham Mint ya ukoo wa Heaton, kilichofungwa mwaka 2003. Wazee mnaikumbuka senti kumi yenye tundu, ile iliyokuwa ikitungwa kwenye uzi. Nyingi zilitoka hapa. Ndiyo maana ya ile herufi H ndogo. Zipo za mwaka 1936 zenye jina la Mfalme Edward wa Nane, na hizo ndizo ninazozipenda. Huyu bwana hakumaliza hata mwaka kwenye kiti. Alitaka kumwoa mwanamke wa Kimarekani aliyewahi kuachika, Waziri Mkuu Baldwin na serikali yake wakakataa, na Desemba ile ile mfalme akafunga virago. Uingereza yenyewe haikuwahi kutumia sarafu zenye sura yake. Zetu zilikuwa na tundu, hazikuwekwa sura ya mtu, basi zikaingia sokoni. Wazee wetu walinunulia chumvi kwa jina la mfalme ambaye mawaziri wake walimwonyesha mlango.

Mjomba, huyo ndiye mfalme uliyenitishia naye. Anakaa, anapunga mkono, anasoma hotuba aliyoandikiwa. Anayetawala ni Waziri Mkuu, na huyo naye hana uhakika wa kesho: mwaka 2022 pekee walipita watatu, na Liz Truss alikaa siku 49. Waingereza hawana hata kitabu kimoja cha kuitwa katiba. Wana sheria hapa, desturi pale, na baraza la mabwana ambalo hakuna mwananchi aliyelichagua. Siwasifii. Halmashauri ya Birmingham ilitangaza mwaka 2023 kuwa mfuko umetoboka, na mwaka huu wazoa taka wamegoma miezi na miezi hadi panya wakanenepa. Ila kiongozi wa huku huondoka akiwa hai, na mwenzake anaingia bila kijana wa mtu kupigwa risasi.

Sasa nifike kwenye kura. Tarehe 4 Julai 2024 nilipiga kura ya ubunge hapa Ladywood, nikiwa Mtanzania mwenye viza, si raia wa Uingereza. Sheria yao inamruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali kujiandikisha na kupiga kura zote, hadi ya bunge la taifa. Na tangu walipoanza kudai kitambulisho chenye picha, pasipoti za nchi za Madola nazo zinakubaliwa. Basi nikatoa yangu, ile yenye Bibi na Bwana na maneno Uhuru na Umoja. Mama aliyekaa mezani akaifungua, akanitazama, akatazama picha, akalivunjavunja jina la babu yangu, kisha akaweka rula kwenye daftari na kulikata jina langu kwa penseli. Ndani ya kibanda penseli imefungwa kamba. Hakuna wino wa kidole. Dakika tatu nilikuwa nje, nimeshamchagulia Mwingereza mbunge wake.

Msidhani kura hiyo ni ya kupamba. Mwaka 1924 Neville Chamberlain, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu, na ambaye baba yake Joseph aliwahi kuwa Waziri wa Makoloni, alikishika kiti hiki kwa kura 77 tu. Safari hii Shabana Mahmood alishinda kwa kura 3,421, na mitaa hii imejaa pasipoti za Pakistani, India, Bangladeshi, Jamaika, Nijeria. Tangu Septemba mwaka huu mama huyo ndiye Waziri wa Mambo ya Ndani. Yaani anayeamua nikae au niondoke, na sasa anataka wengi wetu tungoje miaka kumi badala ya mitano kupata ukaazi wa kudumu, naye ananihitaji mlangoni kwangu uchaguzi ukifika. Nitamngojea kwa chai.

Mpango wenyewe una vituko vyake. Jirani yangu wa Hargeisa, mahali palipotawaliwa na Mwingereza mpaka 1960, hana kura, kwa sababu Somalia haikujiunga na Madola. Mnyarwanda anayo, nchi yake ilijiunga 2009, na Msumbiji pia, tangu 1995, na hao wote Mwingereza hakuwatawala. Mkongo wa Bukavu hana. Ukiuliza sababu utaambiwa sheria ndiyo inavyosema.

Na kwetu je? Tarehe 29 Oktoba mlipokwenda kupiga kura, au mlipoamua kutokwenda, sisi hatukuwa na mahali pa kwenda. Hakuna sanduku ubalozini. Intaneti ikakatwa, tukabaki tunapiga simu zisizoita. Yaliyotokea mnayajua kuliko mimi, na wapo waliozika. Rafiki yangu mmoja aliyechoka na viza alikula kiapo cha utii kwa Mfalme Charles na warithi wake; kwa Sheria ya Uraia ya 1995 Utanzania wake ukafutika siku hiyo hiyo. Serikali imewawekea watu kama yeye hadhi maalumu, inayowarahisishia kuingia nchini na mambo ya ardhi. Kura haimo. Mimi niliyekataa kiapo ili nibaki raia, nami kura sina. Tofauti yetu ni foleni ya uwanja wa ndege.

Mjomba alisema pia kwamba Mwingereza bado anatufanyia mambo kwa mlango wa nyuma. Hapo namuunga mkono, na Ladywood inahusika. Mbunge wa hapa kutoka 1983 hadi 2010 alikuwa Clare Short, waziri wa misaada katika serikali ya Blair. Ndiye aliyeipinga hadharani ile rada ya kampuni ya BAE, pauni milioni 28, ambayo hata Benki ya Dunia ilisema ni ghali mno kwa nchi kama yetu. Alishindwa. Blair alitaka iuzwe na serikali yetu ilitaka kuinunua. Baadaye wachunguzi wa huku wakafukua, na mwaka 2010 kampuni ikatozwa na mahakama ya London faini ya pauni 500,000 kwa kutoweka hesabu sawasawa, ikakubali na kuilipa Tanzania pauni milioni 29.5. Ndiyo chenji ya rada mliyoisikia, iliyonunua vitabu na madawati. Kwetu hakuna aliyefungwa. Tulibaki na utani wa mamilioni kuitwa vijisenti. Mwingereza alituuzia, Mwingereza mwingine akapiga kelele, Mwingereza wa tatu akapeleleza. Bunge letu lilikuwa wapi? Naona aibu kwamba mtu aliyezigombania fedha zetu kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa akiwajibika kwa wapiga kura wa Ladywood.

Na huyo huyo, kabla hamjamtungia kaswida, ndiye aliyewaandikia Wazimbabwe mwaka 1997 kwamba serikali yake haina wajibu maalumu wa kugharimia ununuzi wa ardhi, na kwamba yeye asili yake ni Ireland, watu waliotawaliwa, si waliotawala. Barua ile ilimkasirisha Mugabe, na hapo nasema Mugabe alikuwa na haki ya kukasirika. Deni la serikali halifi kwa kuwa waziri mpya ana babu mwingine. Kwa hiyo simwombi mtu wa Ladywood aje atuokoe.

Ombi langu ni kwenu. Rasimu ya Warioba ya Katiba Mpya ilipindwapindwa, Katiba Inayopendekezwa ikapita katika Bunge Maalumu Oktoba 2014, kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, na mpaka leo haijapigwa. Mbunge wenu akija mtaani, mwulizeni jambo dogo kuliko hayo yote. Ibara ya 5 inampa kila raia wa miaka kumi na minane haki ya kupiga kura katika uchaguzi unaofanyika Tanzania. Haikusema raia huyo alale wapi. Wakenya walipiga kura ya urais London mwaka 2022. Sisi tunazuiwa na nini? Akisema ni gharama, mwambieni nauli ya treni ya kwenda ubalozini tutajilipia, hata penseli tutakuja nazo. Na mjomba ndiye aulize, maana sauti yake inafika nyuma bila kipaza sauti. Jibu mlirekodi, mnitumie lote, msinifupishie.

Mwanenu,
Ladywood