Harufu Isiyoonekana Katika Cheti

Najua wengine watafunua ukurasa upesi wakiona jambo nililoandika. Na wafunue. Sisi wasichana tumelinong'ona bwenini tangu kidato cha kwanza, na kunong'ona hakujamponya mtu.

Nasema habari za harufu ya ukeni isiyokwisha. Dada yangu, binti wa mama mdogo, akaaye Kisugu, amepimwa mara tatu katika zahanati nisiyoitaja. Kila mara cheti kilirudi safi: hana kisonono, hana kaswende, hana virusi vya UKIMWI. Akaambiwa, "Huna kitu, nenda ukaoge." Ati akaoge! Ameoga kwa sabuni, kwa chumvi, kwa majani aliyoletewa na ssenga, na harufu ikazidi hata akaacha kwaya.

Kwa maoni yangu jibu lile lilikuwa la haraka mno. Ukipimwa kisonono utajua habari za kisonono, basi. Ukeni mna vijidudu vyema, laktobasili, vitengenezavyo asidi na kuvizuia vibaya. Vikipungua, hutokea harufu kama ya samaki, hasa baada ya hedhi au tendo la ndoa. Madaktari huiita hali hii vaginosisi ya bakteria, nayo ina kipimo chake: majimaji hutazamwa kwa darubini na asidi yake hupimwa. Asiyepimwa hivyo hajaambiwa kuwa hana. Na ile sabuni ya ndani huwafukuza walinzi wenyewe! Maji ya kuosha nje yatosha.

Wala si jambo la wachafu. Mwaka 1997 jarida la Lancet lilieleza uchunguzi wa wanawake zaidi ya 4,700 wa Rakai, hapa hapa Uganda. Karibu nusu yao walikuwa nayo. Je, nusu ya wanawake wa Rakai hawaogi? Tena waliokuwa nayo kali walionekana na virusi vya UKIMWI zaidi kuliko wenzao, kwa hiyo si jambo la kuchekwa.

Na ikiwa kipimo hicho nacho ni safi? Basi patazamwe jasho la kinena, mkojo uvujao, pamba iliyosahauliwa ndani, au ugonjwa wa nadra wa kurithi uitwao trimethilaminuria, ambao mwili hushindwa kuvunja kitu fulani kitokanacho na vyakula kama samaki na mayai. Mara nyingine hapana ugonjwa kabisa. Uke wenye afya una harufu yake kidogo, wala haukuumbwa unukie marashi ya dukani.

Sasa ninyi wavulana mzibao pua darasani, na ninyi wanafunzi wa zamani mliokwisha kuoa, nina neno nanyi. Siku zote mke alitibiwa peke yake, na hali ile ikarudi. Mwaka 2025 madaktari wa Australia walitangaza kwamba mwanamume alipotibiwa pamoja na mwenziwe, kwa vidonge na dawa ya kupaka, ilirudi kwa wanawake 35 katika kila 100 ndani ya majuma 12. Mwanamume alipoachwa, ilirudi kwa 63.

Shemeji yangu wa Kisugu hajakanyaga zahanati hata siku moja, naye ndiye alalamikaye kuliko wote.