Mto Tana si ukuta

Nimerejea majuzi kutoka Misri, ambako nilikaa siku nne ndani ya meli ya watalii iliyotuchukua Luxor na kututeremsha Aswan. Gharama sikuimudu peke yangu. Binamu yangu anayefanya kazi Kairo alinilipia nusu, nami nalitaja hilo mapema ili majirani zangu wa Bulla Iftin wasije wakadhani kuwa mwandishi wa gazeti ameokota mfuko wa fedha njiani.

Wasomaji wa safu hii wamezoea kunisikia nikizungumzia maji, ama yanapotukosa ama yanapotufurikia. Leo pia nazungumzia maji, ila naomba mnivumilie nianzie mbali kidogo.

Meli zile ni nyumba za ghorofa zinazoelea. Mtu hulala kando ya mji mmoja, na kunapopambazuka hujikuta mbele ya mji mwingine, hekalu likimsubiri umbali mfupi kutoka gatini. Huko Karnak nilisimama katika ukumbi wenye nguzo 134, baadhi yake nene kiasi kwamba watu watano wakishikana mikono hawawezi kuizunguka hata moja. Edfu nililiona hekalu lililoanza kujengwa mwaka wa 237 K.K., ambalo baadaye lilifunikwa na mchanga, watu wakajenga nyumba zao juu ya paa lake bila ya kujali kilichomo chini, hadi Mfaransa Auguste Mariette alipoanza kulifukua katika miaka ya 1860. Penye malango ya Esna, ambapo meli hufungiwa baina ya kuta mbili ili maji yapandishwe au yashushwe, wachuuzi hutujia kwa mashua ndogo na kuturushia kanzu na mashuka hadi juu sitahani. Anayetaka hurudisha fedha ndani ya mfuko uleule. Asiyetaka hurudisha nguo. Biashara hiyo yote hufanywa kwa kelele na vicheko, na sikuona hata mmoja aliyedhulumiwa.

Kom Ombo ndiko nilikocheka peke yangu. Nusu ya hekalu la huko ni ya mungu wao wa kale, Sobek, mwenye kichwa cha mamba, na kando yake pana jumba la makumbusho lenye mamba waliokaushwa na kuhifadhiwa mithili ya wafalme. Sisi ambao mama zetu walitukataza kuteka maji Tana jua likishatua tunamjua mamba kwa njia nyingine kabisa. Lakini kilichonishika zaidi mahali pale ni kisima chenye ngazi, ambacho kwacho makuhani walipima kimo cha maji ya Naili. Kwa kuyatazama tu yalipofika, walijua mapema kama mwaka ule ulikuwa wa shibe, wa njaa au wa gharika, na kodi ya wakulima ikakadiriwa kwa kipimo hicho. Nitakirudia kisima hicho baadaye.

Jioni ya siku ya tatu, kiongozi wa safari yetu, kijana mpole aliyesoma historia chuoni, aliketi karibu nami akaniuliza kama kwetu tuna mto. Nilijibu kwa fahari kwamba tunao, nao ni mrefu kuliko yote nchini Kenya, yapata kilomita elfu moja, ukitoka kwenye milima ya Aberdare na Mlima Kenya hadi Bahari Hindi.

"Basi kutoka mjini kwenu hadi baharini, kwa chombo, ni siku ngapi?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Nimezaliwa kando ya Tana. Nimeoga ndani yake, nimekula samaki wake, nimehudhuria mazishi ya watu waliochukuliwa nao. Hata hivyo, sijapata kukutana na mtu aliyeondoka Garissa kwa chombo akafika Kipini. Swali la yule kijana lilinifuata hadi uwanja wa ndege, na limenifuata hadi kwenye meza hii ninayoandikia.

Si kwamba jambo hilo haliwezekani. Mwingereza Thomas Cook aliwapeleka wasafiri wake wa kwanza Misri mwaka wa 1869, na meli za moshi za kampuni yake ndizo zilizoanzisha desturi hii ninayoisimulia. Miaka 22 tu baadaye, mwaka wa 1891, kampuni ya Imperial British East Africa iliingiza stima ndogo iliyoitwa Kenia katika mto wetu, na nahodha wake, Dundas, akapanda nayo hadi Hameye, juu zaidi ya hapa ilipo Garissa leo. Kwa hiyo stima ilipita mbele ya ardhi hii kabla reli haijafika Nairobi, na kabla Nairobi yenyewe haijawa mji. Kampuni ile ilifilisika na kuachia madaraka mwaka wa 1895, reli ikajengwa kwingine, na mto ukasahauliwa. Wapokomo, ambao mitumbwi yao ilikuwa ikipanda na kuteremka karne nyingi kabla ya stima yoyote, hawakuhitaji kuambiwa na Dundas kwamba Tana ni njia.

Basi msafiri wa leo angeona nini? Angeanza na twiga wa Bour-Algi nje kidogo ya mji wa Garissa. Angeteremka akipita mashamba ya maembe na ndizi, Bura, kisha Hola. Upande wa Ijara, si mbali na Masalani, ipo hifadhi ya Ishaqbini, anakotunzwa hirola, paa ambaye asili yake ni pembe hii ya Kenya na Somalia. Mbele kidogo upo msitu wa akiba uliotengwa mwaka wa 1976 kwa ajili ya aina mbili za nyani na tumbili wa Tana ambao makao yao ya pekee ni kingo za mto huu. Angelala kijijini na kuwasikia akina mama wa Kipokomo wakibembeleza watoto, naye akiambiwa kwamba ni katika wimbo wao wa kulaza mtoto ndimo ulimotoka muziki wa wimbo wa taifa tuliouimba mwaka wa 1963 na tunaouimba hadi sasa, angeshangaa. Wakenya wengi pia wangeshangaa.

Na mwisho wa mto, pale Tana inapokutana na bahari kupitia njia ya kale ya Ozi, yapo mahekalu yetu. Nasema mahekalu kwa mzaha, ni misikiti. Karibu na Kipini kuna magofu ya miji ya Waswahili wa kale, Mwana, Shaka na Ungwana. Ungwana wataalamu wengi huuona kuwa ndio mji ambao Wareno waliuita Hoja, walioushambulia na kuuteketeza chini ya Tristão da Cunha. James Kirkman, mtaalamu yuleyule aliyefukua Gedi, alichimba Ungwana pia katika miaka ya 1950 na kuukuta msikiti wa Jamia, makaburi ya fahari, na vyombo vya kauri vilivyoletwa kutoka Uchina. Shaka ndiyo nchi ya Fumo Liyongo katika masimulizi, na Kipini huonyeshwa mahali panaposemekana kuwa kaburi lake. Kila aliyesoma Kiswahili shuleni anamjua shujaa huyo, tupa iliyofichwa ndani ya mkate, na sindano ya shaba aliyochomwa na mwanawe. Wangapi wamewahi kuambiwa kwamba Ozi anakotajwa ni mwisho wa mto huu unaopita chini ya daraja la Garissa?

Gedi iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2024, nami nawapongeza waliohangaika kuifikisha hapo. Lakini Ungwana iliyochimbwa na mikono ileile haijui tiketi wala basi la watalii.

Najua atakayeinua kidole na kuniuliza: Nani atapanda chombo Garissa, mahali ambapo tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu? Swali hilo ni la haki, na anayeishi hapa halisahau hata siku moja. Ila yule kijana wa Misri pia alituonyesha, ng'ambo ya mto kutoka Luxor, hekalu la malkia Hatshepsut, ambapo tarehe 17 Novemba 1997 watu 62, wengi wao watalii, waliuawa kwa risasi na visu. Meli za Naili zilikaa tupu. Wenye hoteli walilia. Kisha dola ya Misri ikaweka ulinzi, watu wa Luxor, ambao ndio waliokuwa wamepoteza riziki yao, wakawa macho kuliko askari, na wageni wakarudi. Mashambulizi ya misitu ya Boni hayajatuacha, nami simshauri mtu kupeleka meli ya wageni Kipini kesho asubuhi. Ninachokataa ni kwamba jina la mji wetu litajwe kwa msiba mmoja hadi Kiama.

Kikwazo ninachokiona kuwa kikubwa zaidi tumekijenga wenyewe. Serikali ya mkoloni iliufanya Tana kuwa mpaka wa kuwazuia Wasomali wasivuke kwenda magharibi, na ikachora mstari wa maili tatu mashariki ya mto ambao mpaka leo viongozi wa Garissa na wa Tana River hawajaacha kuugombania. Kila uchaguzi unapokaribia, maili tatu hizo hufukuliwa kama maiti isiyooza. Huko chini, kwenye delta, ugomvi wa malisho na mashamba baina ya Waorma na Wapokomo uliangamiza watu zaidi ya 100 kati ya Agosti 2012 na mapema mwaka uliofuata. Watoto wetu wamefunzwa kwamba mto ni ukuta, na ng'ambo yake anakaa mtu wa kuogopwa. Meli haiwezi kwenda katika mto wa namna hiyo. Itatia nanga kwa nani, ikiwa kila ukingo unamshuku mwenzake? Naili nao una makabila na dini zaidi ya moja kandokando yake, lakini mchuuzi wa Esna na nahodha wa Aswan wanajua kwamba chombo kikikwama kwa mmoja, mwingine naye hatakula.

Waheshimiwa wetu wa kaunti zote mbili hupenda kwenda ng'ambo kujifunza. Nawaombea safari fupi zaidi: wakae pamoja ndani ya mashua moja kutoka Garissa hadi Masalani, bila waandishi wa habari. Viboko watawafundisha adabu.

Sasa narudi kwenye kile kisima cha Kom Ombo. Mwezi Aprili 2024, mvua zilipozidi na mabwawa ya juu kuanzia Masinga kujaa, Tana ilivunja kingo zake, barabara ya kutoka Garissa kwenda Madogo ikakatika, na watu wakaanza kuvushwa kwa mashua za kubahatisha. Tarehe 28 ya mwezi huo mashua moja ilipinduka mahali panapoitwa Kona Punda. Msalaba Mwekundu ulisema watu 23 waliokolewa. Wengine walikufa maji, umbali wa kusikia adhana kutoka mjini. Miezi michache tu kabla ya hapo, Novemba 2023, barabara ileile ilikuwa imekatika vivyo hivyo. Makuhani wa Firauni walipima maji kwa ngazi za mawe na kuwaonya wakulima. Sisi tuna mabwawa matano makubwa ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yenye vyombo vya kupima kila tone, na bado mkulima wa Mororo huamka usiku akayakuta maji kitandani.

Kwa sababu hiyo, meli ninayoitamani kwanza si ya mzungu mwenye kofia. Ni chombo imara cha kuvusha watu wa Madogo na Garissa, chenye maboya ya kuokolea, nahodha aliyefunzwa na gati la saruji pande zote mbili, ambacho kitakuwapo kabla ya mafuriko, si baada ya mazishi. Penye chombo hicho na gati hilo, hapatakuwa na ugumu kuongeza kingine cha kupeleka maembe Hola, na kingine cha kupeleka wanafunzi wa shule zetu za upili Ungwana, wakaone mihirabu ya babu zao kabla kuta hazijaangushwa na mizizi. Ulinzi wa magofu hayo ni kazi ya Makavazi ya Kitaifa kwa sheria ya mwaka wa 2006, na mlinzi mmoja na njia iliyofyekwa si fedha za kuvunja hazina.

Jumamosi iliyopita nilikwenda ukingoni upande wa Madogo, nikamkuta kijana wa Kimalakote akitengeneza nyavu kando ya mtumbwi wake. Nikamuuliza swali lile nililoulizwa Misri. Alifikiri kidogo, akasema kwamba babu yake alikuwa akiteremka na mahindi hadi Kipini na kurudi na chumvi.

"Siku ngapi?" nikamuuliza.

"Hilo hakunihadithia, mzee," akasema. "Nami sikumuuliza."