Maneno ya Nyumbani: Miguu Iliyovimba



Mama wengi hutuuliza habari za taabu za miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Kiungulia cha usiku, pumzi fupi, kwenda haja ndogo kila mara: hayo kwa sehemu kubwa yatokana na mtoto kukua na kusukuma tumbo, mapafu na kibofu. Mama na ale kidogo kidogo, wala asilale mara baada ya kula. Alale kwa ubavu, si chali, kwa maana chali uzito wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa urudishao damu moyoni.

Miguu nayo huvimba jioni. Na aketi, aiinue juu ya kigoda, na asubuhi ataiona imepungua. (Na maji ya kisimani achote nani? Baba wa nyumba, ndoo haichagui kichwa.)

Lakini uko uvimbe mwingine, na huo ndio uliotufanya tuandike leo. Mama akiamka na uso uliovimba, au kichwa chamwuma sana, au macho yaona giza na vimulimuli, au ana maumivu makali chini ya mbavu, asingoje hata siku moja. Huenda msukumo wa damu umepanda, na hatari yake ni kifafa cha mimba. Wako wasemao ni pepo, wakamwita mganga wa kupunga. Na twasikitika kusema ya kwamba hata nyumba za Wakristo zimo. Usiku hupita kwa ngoma, na mara nyingine mama na mtoto hupita nao.

Hospitalini watapima msukumo wa damu na mkojo. Wengine hawavimbi kabisa, kwa hiyo siku ya kupimwa isikoswe. Dawa iko, magnesi salfeti. Ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 10,000, na habari zilizotolewa mwaka 2002 zilionyesha ya kuwa hupunguza kifafa hicho kwa nusu. Ila haiwezi kumfuata mgonjwa kitandani kwake kijijini. Nauli na iwekwe tangu mwezi wa saba, na baba akisafiri amwachie jirani neno ya kwamba mama aende, asingoje ruhusa yake.